Saa Mbili, Saa Nane

Mshipa niliutambua kabla ya mwenyewe.

Kazi yangu ni kutoa watu damu, mwaka wa kumi na tisa huu, na mtu akikaa kwenye kile kiti mimi huangalia mkono kwanza, uso baadaye. Mkono ulionyooshwa mbele yangu mchana ule ulikuwa na mshipa mnene unaopinda karibu na kiwiko kisha unazama, na kando yake kovu dogo la waya wa fensi. Jeraha lenyewe nililiosha mimi, kwa maji ya chumvi, nimekaa sakafuni jikoni kwetu, na mwenye mkono analalamika utafikiri anakatwa mguu.

"Tone," akasema.

Miaka sita sikuwa nimeitwa hivyo. Jina alinipa yeye siku za uchumba, kwa ajili ya kazi yangu, na nilipotoka kwake nililiacha hukohuko. Moyo ukapiga, sitakudanganya. Ulipiga kijinga, kana kwamba hakuna aliyeuambia kilichotokea. Nikaukemea kimyakimya, nikavaa glovu.

"Fomu iko wapi?" nikamuuliza.

Alikuwa mpima ardhi, na watu wote walimwita Mpima. Zamani tulipopita barabarani walitutania: mume anapima viwanja, mke anapima damu, je, mtoto atakuja kupima nini? Mtoto hakuja. Mpima niliyemjua mimi alikuwa mtu wa kushinda juani na vyuma begani, miguu haikai. Huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa na kitambi kimemlalia mapajani, mashavu yamevimba, na macho ya mtu asiyelala. Ana miaka arobaini na saba, lakini ukimtazama haraka ungempa hamsini na tano. Halafu akaniangalia, na macho yenyewe yalikuwa yale yale, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nyuma yake, mkoba kifuani, alisimama dada yake mkubwa. Ukoo mzima ulimwita Spika, maana jambo likimfikia yeye, hata kiziwi wa mtaa wa tatu ameshalisikia.

"Wifi," akasema, "kumbe bado upo hapa hapa."

"Nipo. Na wewe kumbe bado unamsindikiza."

Ngoja nikwambie kwa nini niliipokea ile fomu bila kumtazama, usije ukadhani ni mapenzi tu.

Mpima alipofika miaka arobaini, usiku wetu ulizimika. Mwanzoni tulisema ni uchovu. Alikuwa amepandishwa cheo, kutoka viwanjani akawekwa mezani, gari likampeleka na gari likamrudisha, bia mbili zikawa nne, nne zikawa desturi. Analala akiwa amechelewa, anaamka amenuna. Chumbani akanipa mgongo. Nikamwambia twende tukapime, mimi mwenyewe nafanya kazi maabara, hakuna atakayejua. Akanijibu kwamba yeye si mgonjwa. Miezi kumi na minne nililala na mgongo.

Kisha wakaitisha kikao. Sebuleni kwa shangazi yangu, watu wanane, mimi nimekaa kwenye kigoda. Spika ndiye aliyesema. Alisema ndugu yao alikuwa dume kamili kabla ya kunioa. Alisema mikono yangu ina ubaridi wa maiti, kutwa nashika damu za watu, na kwamba nimemkausha. Neno lenyewe hilo: nimemkausha. Nikamtazama mume wangu, nikamsubiri aseme neno moja tu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wakaniuliza, "Una la kusema?"

Ningeweza kusema. Ningeweza kuwaambia watu wanane kilichokuwa kikitokea, au tuseme kisichotokea, chumbani kwetu. Nikaona nitamvua nguo mbele ya wakwe zake. Nikanyamaza kwa ajili yake, nikatoka na masanduku mawili na lile jina: mwanamke anayekausha. Mwaka wa pili mjane mmoja wa kiume, fundi seremala, mtu safi, alinitaka. Dada zake wakapita mtaani kuuliza habari zangu. Sikumwona tena. Siku hiyo ndiyo niliyoapa kwamba kama dunia ni ya haki, Mpima atakuja kukaa mbele yangu akinihitaji.

Na sasa amekaa.

Nikaisoma fomu. Kipimo cha testosteroni, homoni ya kiume. Kipimo cha kwanza kilifanywa zahanati nyingine, jioni, kikatoka chini, na daktari wetu alitaka cha pili kabla ya kumwanzishia sindano. Chini ameandika kwa mkono wake, na kupigia mstari: 8.00.

Hapo ndipo nilipoelewa. Daktari wetu huandika saa kama zinavyosomeka kwenye uso wa saa. Nane ile ilikuwa ya asubuhi, ambayo sisi sote mdomoni tunaiita saa mbili. Mpima, mtu wa vipimo, ameisoma kama ilivyoandikwa, nane, akaja saa nane mchana.

Na kipimo kile hakichukuliwi mchana. Mwili wa mwanamume huitengeneza homoni yake akiwa usingizini, inakuwa juu asubuhi, mchana imeshashuka. Akiwa hajalala, au ametoka kula, inashuka zaidi.

"Umekula?" nikauliza.

"Sasa hivi. Nimeshiba kabisa."

"Jana ulilala?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Tone, mimi kulala nimesahau."

"Maswali ya nini sasa, wifi?" Spika akaingilia. "Toa damu. Daktari anataka karatasi, kesho mdogo wangu aanze sindano. Mwezi ujao anaoa."

Nikarudi kwenye fomu nisionekane uso. Kwenye mstari wa watoto palikuwa pameandikwa: wawili.

"Hawa watoto wawili ni wa nani?"

"Nimejaza mimi," akasema Spika. "Ulitaka tuandike hana, aonekane hafai? Daktari aliuliza kama bado anatafuta mtoto, nikamwambia anao, hatafuti. Mambo ya aibu hayaandikwi."

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angewaambia warudi kesho asubuhi. Mimi nilijua zaidi ya mwanafunzi. Nilijua sindano zile humpa mtu nguvu upesi, lakini mwili ukiona homoni inaletewa kutoka nje huacha kutengeneza yake, na mbegu za uzazi hupungua, pengine zisibaki kabisa. Ndiyo maana daktari aliuliza habari za mtoto. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikuwa anakwenda kukaushwa. Na mimi sikutakiwa kufanya lolote ila kazi yangu.

"Wifi, subiri nje," nikasema. "Chumba hiki ni cha mgonjwa mmoja."

Alipotoka nikamfunga Mpima mpira mkononi. Nikamkaza zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Unaumiza," akasema.

"Kunja ngumi."

Akakunja. Nikapaka spiriti juu ya ule mshipa, na kidole changu kikakaa pale sekunde moja zaidi, chenyewe, sikukituma. Ngozi ilikuwa na joto lile lile. Nikachoma haraka.

"Huulizi naoa nani?" akasema.

"Siulizi."

"Hata mimi simjui vizuri. Ni mwalimu wa watoto wadogo. Dada ndiye aliyemtafuta. Nimemwona mara mbili, mara zote amekaa kimya na mimi nimekaa kimya."

"Kukaa kimya unakuweza."

Damu ikawa inaingia kwenye chupa, nyeusi, taratibu. Alinitazama usoni muda wote, na mimi nikaitazama chupa. Harufu yake ilikuwa ya sabuni ile ile ya zamani. Mungu anisamehe, nilitaka kuweka kichwa changu begani kwake na nilitaka kumwona analia, vyote kwa mara moja.

"Nimekukosa," akasema kwa sauti ndogo.

"Bonyeza hiyo pamba. Usikunje mkono."

Nikaichukua chupa, nikakaa mezani kuandika lebo. Kwenye fomu zetu kuna kisanduku kimeandikwa Saa. Juu ya mlango saa ya ukutani ilikuwa imesimamisha mshale mfupi kwenye mbili. Nikaandika: 2.

Tazama uzuri wake. Sikusema uongo. Saa ya ukutani ilisema mbili, na mimi nimeandika mbili. Lakini daktari ambaye ametaka damu ya asubuhi, akiona Saa 2 imeandikwa na mkono wangu, na anajua sisi wa maabara huandika saa kama tunavyozitamka, atasoma kama mtu yeyote: saa mbili asubuhi, mgonjwa amefuata maagizo. Mashine ilizunguka, kipimo kikatoka, na kikawa chini ya mstari. Si chini sana, lakini chini.

Daktari alikuja kuchukua karatasi zake saa kumi kasorobo. Ni mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi.

"Ya mpima ardhi?"

"Hii."

Akasoma. "Saa mbili. Vizuri, amezingatia. Na bado iko chini." Akaiweka juu ya mafaili mengine. "Basi sina sababu ya kungoja. Mwambie aje kesho, namwanzishia."

"Sawa, daktari."

Akaondoka nayo. Nikakaa, nikaisikia ile raha ikinipanda mwilini. Nilifurahi. Kama unataka niseme nilijuta papo hapo, tafuta mtu mwingine akusimulie. Miaka sita nilibeba jina la kukausha bila kumkausha mtu, na sasa walau nimelifanyia kazi. Nikavua glovu, nikatoka ukumbini nimwone uso.

Walikuwa kwenye benchi, kaka na dada, chini ya tangazo la kunawa mikono.

"Iko chini," nikawaambia. "Kesho unaanza sindano."

Mpima akafumba macho. Spika akapiga mapaja kwa mikono miwili.

"Afadhali. Tulijua tu kwamba tatizo ni hilo hilo la siku zote."

Nikageuka nikamtazama. "La siku zote zipi?"

Akajua ameteleza, lakini Spika si mtu wa kurudi nyuma. Akaanza kufungua na kufunga mkoba.

"Dada," Mpima akasema, "nyamaza."

"La siku zote zipi, wifi?"

Mpima ndiye aliyejibu. Alisimama, akaegemea ukuta. "Tone, niliwaambia. Asubuhi ya kile kikao, kabla hatujaja kwenu. Nilimwambia mama, Mungu amrehemu, na huyu hapa. Nikawaambia, mke wangu hana kosa, mwili wangu ndio umelala. Nilitaka kusema hivyo hivyo mbele ya shangazi yako."

"Na kwa nini hukusema?"

"Walinikataza."

"Tulimkataza, ndiyo," Spika akasema, na sasa sauti ilishapanda, wagonjwa wawili wakageuka. "Ulitaka tufanyeje? Tumtangaze? Mtoto wetu wa kiume mmoja, tumsimamishe mbele ya watu aseme hawezi? Wewe ni mwanamke, tukajua utapata mwingine. Mwanamke akisemwa leo, kesho watu wamesahau."

"Mimi hawajasahau," nikasema.

"Basi ni bahati yako."

Nilikuwa namfikiria mtu ambaye sijawahi kumwona, yule mwalimu wa watoto wadogo. Sindano itamwinua Mpima miezi michache, watacheza harusi. Mwaka utapita, miwili, mtoto hakuna. Na hapo sebule nyingine itajaa watu wanane, na binti wa watu atakalishwa kwenye kigoda, na Spika atasema. Mpima ataangalia viatu vyake. Kisasi changu chote nilichokishona kwa uangalifu, kwa tarakimu moja, kilikuwa kinakwenda kumwangukia mwanamke mwingine, na hao wawili hata hawatajua kwamba nilikuwa nawalipiza.

Kisasi gani hicho? Nilitaka kujipiga kofi.

"Msiondoke," nikawaambia, nikaenda mbio kwa daktari.

Nilimkuta amevaa mkoba begani. Nikaiomba karatasi, nikachukua kalamu, nikakata ile 2 kwa mstari, nikaandika juu yake: 8 mchana, ameshakula, hajalala. Na kwenye mstari wa watoto nikakata wawili, nikaandika: hana, anatafuta. Nikaweka sahihi yangu pembeni pote pawili.

Daktari akaisoma mara mbili. "Uliandika mbili makusudi?"

"Makusudi."

"Unamjua huyu mtu?"

"Alikuwa mume wangu."

Akaushusha mkoba mezani. "Kesho tutazungumza, mimi na wewe, na msimamizi wako. Mlete ndani mgonjwa."

Nilipewa barua ya onyo, niliistahili, ipo kwenye faili langu mpaka leo. Lakini siku ile nilisimama mlangoni nikamsikiliza akimwambia Mpima kwamba kipimo kimefutwa, kwamba mtu anayetaka mtoto hachomwi sindano zile kirahisi, na kwamba kwa kumtazama tu kuna mambo ya kujaribu kwanza kwa miezi mitatu. "Dada wa maabara atakueleza," akasema, akatuacha. Nadhani ilikuwa adhabu yangu ya kwanza.

Nikamweleza. Sikutumia sauti ya huruma.

"Bia, acha. Zile poda za kopo unazouziwa kituo cha basi kwa jina la simba, najua unazo, tupa, hakuna anayejua zimechanganywa nini. Saa nne uwe umelala, siyo umelala na simu, umelala. Hicho kitambi ndicho kinachokula homoni yako, kitoe. Mayai, samaki, maharage, mboga za majani, sahani moja, siyo mbili."

"Mwanamume mzima alale saa nne kama kuku?" Spika akauliza.

"Na dada yako asikupikie," nikaongeza. "Halafu urudi viwanjani. Ile darubini yako na miguu yake mitatu, nani anaibeba siku hizi?"

"Wasaidizi," akasema Mpima.

"Ibebe wewe. Siku nne kwa wiki ubebe kitu kizito, uchuchumae nacho, uinuke nacho. Miezi mitatu. Kisha uje saa mbili. Ya asubuhi. Jua likiwa bado halijachoma."

Akanitazama. "Na nikipona?"

"Sijasema utapona. Nimesema uje."

"Kwa nini umenisaidia, Tone?"

"Sijakusaidia," nikasema, na nilimaanisha. "Nataka uwe mzima siku nitakapokudai."

Spika alituma watu wawili kunibembeleza niwaambie upande wa bibi harusi kwamba kipimo ni kizuri, harusi isivunjike. Niliwapa maji ya kunywa wakaenda zao. Mwezi wa kwanza nikasikia Mpima mwenyewe amekwenda kwa yule mwalimu, amemweleza ukweli akaomba msamaha, wameachana kwa heshima. Mwezi wa pili nilimwona kwa mbali, kwenye kiwanja kilichokuwa kinasafishwa nyuma ya kliniki, miguu mitatu ya chuma begani, shati limelowa mgongoni. Nilisimama dirishani na chupa ya mkojo wa mtu mkononi mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimepooza.

Miezi mitatu ilipotimia alikuja. Nilipofungua mlango wa maabara alikuwa tayari kwenye benchi, saa mbili kasorobo. Kitambi hakikuwa kimekwisha, lakini kilikuwa kinaaga. Macho yalikuwa meupe. Mkono ulipolala juu ya meza mshipa ulisimama wenyewe, sikuhitaji hata kuukaza mpira.

"Ulilala?"

"Kama mtoto. Na sijala."

Kipimo kikatoka juu ya mstari. Daktari akataka cha pili baada ya wiki, kikatoka juu tena. Nikamletea karatasi ukumbini. Aliisoma, akaikunja, akashika mkono wangu, na sikuuondoa.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema. "Niambie niseme nini, niseme wapi."

Miaka sita nilikuwa nimeyaandaa maneno mengi sana. Sikutumia hata moja. Nikachana kipande cha karatasi, nikaandika: Jumamosi, saa 2. Kwa shangazi. Uje na dada yako.

Jumamosi ile saa mbili kamili asubuhi walibisha hodi. Mimi na shangazi tulikuwa ndani, sebule ile ile. Kigoda kilikuwa mahali pake.

"Mwanangu, watu wamefika," akasema shangazi.

"Wamefika mapema."

"Si uliwaambia saa mbili?"

"Niliandika mbili," nikasema, nikamwonyesha saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane. "Ikifika mbili pale, nitafungua."

Shangazi aliitazama ile saa, akanitazama mimi, akahesabu kwa vidole. "Lakini hiyo ni saa nane mchana. Masaa sita haya."

"Na mimi nilikaa miaka mingapi?"

Akavaa miwani yake, akachukua ufumo wake wa sweta, akakaa. Kisha akasema, "Walau nisogeze pazia tuwaone."

Tukawaona. Saa tatu Spika alibisha mara nne. Saa nne alianza kuongea na mlango. Saa tano jua lilifika barazani, akafungua mwavuli, na majirani waliokuwa wanapita wakaanza kupita mara ya pili. Mpima alibisha mara moja tu, ile ya kwanza. Kisha alikaa kwenye ngazi, mikono magotini. Ilipofika saa tano na nusu nilimwona anatoa kile kikaratasi changu mfukoni, anakiangalia, anaangalia saa yake ya mkononi. Akatulia. Halafu akatabasamu peke yake, akakirudisha mfukoni, akakaa vizuri zaidi.

"Ameelewa," akasema shangazi.

"Ameelewa."

"Mfungulie basi, mwanangu, jua linawaka."

"Bado."

Moyo ulikuwa unaniuma, nakwambia kweli. Saa sita nilimwona anajipangusa shingo na nikashika kitasa. Nikakiachia. Saa saba Spika alisema anaondoka, na nikamsikia Mpima akimjibu, bila kupaza sauti, kwamba akiondoka leo asimwite ndugu. Akakaa.

Mshale ulipogusa mbili nikafungua. Majirani walikuwa saba au wanane, wanajifanya wanaulizana bei ya mkaa.

"Umekuja," nikasema.

"Saa moja kwa kila mwaka," akasema. Midomo ilikuwa imekauka. "Ningekaa mpaka kesho."

"Ingia. Utasemea ndani."

Akainuka, akatazama sebule, kigoda, shangazi na ufumo wake. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe hukusemwa ndani tu."

Akageuka kule barabarani. Spika akaushusha mwavuli ukamfunika uso.

"Mnanifahamu," akasema. Sauti ilitetemeka, akaikaza. "Huyu mwanamke hakunikausha. Haikuwa yeye. Ilikuwa mimi, na dada yangu alijua, na nilikaa kimya."

Bei ya mkaa ikasahaulika. Mama wa nyumba ya tatu, yule aliyekuwa hanipi mkono, aliangalia chini. Mpima akanigeukia, jasho linamtiririka, macho yale yale, na nilimpenda pale kuliko siku aliyonioa.

"Sijasikia vizuri," nikamwambia. "Rudia."